Mwanafunzi kaniuliza: "uhalifu dhidi ya ubinadamu" unazuiwa na nani, na unazuiwa wapi?

Mwalimu wa Rulenge

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia na Uraia, kidato cha tatu na cha nne, huku wilaya ya Ngara. Jumanne nilikuwa kwenye mada ya Umoja wa Mataifa nikaandika ubaoni maneno matatu: mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili la tatu lina tofauti gani na kuua tu?" Sijamaliza kumjibu, binti mwingine, ambaye baba yake ni mwenyekiti wa kijiji, akauliza: "Na kama anayeua ni serikali yenyewe, nani atazuia?"

Nikasema kulikuwa na mahakama Arusha. Kengele ikalia. Nilitoka darasani nikiwa na aibu, kwa sababu nilijua sijajibu kitu.

Hapa kwetu jambo hili si la vitabuni. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, baba yangu alikuwa utingo wa malori ya Rusumo, mpakani. Aliyoyaona kwenye mto Kagera hajawahi kutusimulia, ila mpaka leo hali samaki wa ziwa. Nimeanza kusoma mwenyewe lakini nakutana na ibara juu ya ibara. Naomba mwenye uelewa anisaidie kwa lugha ambayo naweza kuingia nayo darasani. Tofauti ni ipi hasa? Kuna mkataba gani? Na hilo neno "kuzuia" linamaanisha nini, maana adhabu naielewa, lakini kuzuia sijawahi kuona mtu akikueleza.

---

Wakili Kijana

Mwalimu, nichukue mawili ya kwanza.

Kuua mtu ni kosa nchi yoyote. Kunakuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu pale kunapokuwa kipande cha shambulio dhidi ya raia, shambulio lililoenea au lililopangwa, na mtendaji anajua kwamba anachokifanya ni sehemu yake. Hayo yamo ibara ya 7 ya Mkataba wa Roma wa 1998, ule ulioanzisha mahakama ya ICC. Na si kuua peke yake: kuangamiza watu, kuwatia utumwani, kuwahamisha kwa nguvu, kutesa, kubaka, kuwapoteza watu wasijulikane walipo, vyote vimo.

Kimbari ni kitu kingine. Ili iwe kimbari lazima kuwe na nia ya kulifuta kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Serikali ikiwaua wapinzani wake wa kisiasa kwa maelfu, kisheria hiyo si kimbari, kwa sababu wafuasi wa chama hawamo kwenye makundi yaliyotajwa mwaka 1948. Ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa hiyo kijana wako wa nyuma ameuliza swali la maana sana.

Mkataba: kimbari ina mkataba wake wa tarehe 9 Desemba 1948. Uhalifu wa kivita una Mikataba ya Geneva ya 1949. Huu wa tatu, ambao viongozi wa Kinazi walishtakiwa nao Nuremberg mwaka 1945, hauna mkataba wake mpaka leo. Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ilimaliza rasimu yenye ibara 15 mwaka 2019, ikakaa New York ikijadiliwa bila kusogea, hadi tarehe 4 Desemba 2024 Baraza Kuu lilipoamua kuitisha mkutano wa nchi zote mwaka 2028 na 2029 kuuandika.

Ukipita, kila nchi itakayouridhia italazimika kulifanya kosa hili liwemo katika sheria zake, kulizuia, na mtuhumiwa akipatikana kwenye ardhi yake imshtaki au imkabidhi kwa atakayemshtaki. Kubwa zaidi kwangu mimi ni uwezekano wa nchi kuishtaki nchi. Gambia iliishtaki Myanmar mwaka 2019 kwa sababu Mkataba wa Kimbari una mlango huo. Kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu mlango wa namna hiyo bado haujajengwa.

---

Karani Mstaafu

Mwalimu, marahaba kabla hujanisalimia, maana kwa umri wa baba yako uliyemtaja wewe ni mwanangu.

Nilifanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, pale jengo la AICC Arusha, kuanzia 1998 mpaka siku ilipofungwa, 31 Desemba 2015. Kupokea nyaraka, kugonga muhuri, kutia namba, kupanga kanda za sauti na za video, kutafuta karatasi ambayo wakili anaitaka sasa hivi. Niliapa kutunza siri, na kiapo hakistaafu. Kwa hiyo nitakusimulia yale tu yaliyomo kwenye hukumu zilizosomwa hadharani.

Halafu mimi ni mtu wa Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu karibu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, mimi nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Benaco nikiwaandikisha. Kalamu, daftari, mstari wa watu usioona mwisho wake. Pale mpakani askari wetu waliwanyang'anya silaha, na rundo la mapanga lilikaa kando ya barabara kama kuni. Tulijua waliokimbia wamekimbia kweli. Tulijua pia kwamba kati yao wamo walioyatumia yale mapanga, na hakuna aliyekuwa na namna ya kuwatenganisha. Mtoto mwenye njaa na aliyemuua mama wa mtoto mwingine walipokea mahindi kwenye foleni moja.

Sasa toka nje ya darasa lako utazame ng'ambo. Ule upande wa pili wa mto wakati huo uliitwa wilaya ya Rusumo, na bourgmestre wake alikuwa Sylvestre Gacumbitsi. Bourgmestre mfikirie kama mkuu wa wilaya na mtendaji kwa pamoja: polisi wa wilaya wako chini yake, muhuri ni wake, akiita mkutano watu wanakuja. Mahakama ilithibitisha kwamba aligawa silaha. Ilithibitisha kwamba alizunguka na gari akitumia kipaza sauti kuwahimiza vijana wawabake wanawake wa Kitutsi. Watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa katikati ya Aprili, naye alikuwepo, akiongoza. Kisha akavuka mto pamoja na wengine, akawa kiongozi wa wakimbizi palepale Benaco. Alikamatwa Juni 2001 katika kambi ya Kigoma. Miaka saba, mwalimu. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30, na rufaa ya 2006 ikamwongezea ikawa kifungo cha maisha. Makosa yake ni kimbari, na pamoja na hiyo kuangamiza na kubaka kama uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Jalada lake lilipofika mezani kwangu nilikaa nalo kwa muda bila kulifungua. Nilikuwa nikijiuliza kama katika lile daftari langu la Benaco kuna mahali nimeliandika jina hili kwa mkono wangu.

Wakili amekueleza sheria vizuri. Mimi nataka nikujibu hilo la "wapi", kwa sababu miaka 17 ya kubeba majalada ilinionyesha jambo moja likijirudia. Mauaji yale hayakushuka sawasawa kama mvua. Yalifika mahali fulani tarehe fulani, na mara nyingi ukisoma vizuri unakuta kabla ya tarehe hiyo kulikuwa na mtu aliyeyazuia, au kikao kilichoyafungulia.

Chukua wilaya ya Taba, Gitarama. Bourgmestre ni Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mwalimu kama wewe, kisha mkaguzi wa shule. Mauaji yalianza Kigali tarehe 7 Aprili. Taba hayakuanza. Majaji walikubali kwamba mpaka tarehe 18 Aprili Akayesu alijaribu kuyazuia. Siku hiyo, 18 Aprili, serikali ya muda ilikutana na mabourgmestre wa Gitarama huko Murambi. Alfajiri ya tarehe 19 Akayesu alikuwa mahali panaitwa Gishyeshye, mbele ya watu zaidi ya mia moja waliozunguka maiti ya kijana mmoja wa Interahamwe, wale wanamgambo wauaji, akiwaambia waungane kumwangamiza adui. Majaji walisema watu wasiopungua 2,000 waliuawa Taba. Kati ya mtu aliyezuia na mtu aliyehimiza kuna usiku mmoja, na ni mtu yuleyule.

Butare ni vilevile, kwa njia nyingine. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho nchini. Kwa zaidi ya wiki moja alikataa, na mkoa wake ukawa kimbilio la watu wa mikoa mingine. Tarehe 17 Aprili akaondolewa kazini. Tarehe 19 Rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akaja Butare kumsimika mkuu mpya, akahutubia. Baada ya hotuba ile mauaji yakaingia Butare, na ni mahali ambapo Watutsi wengi sana waliuawa kwa muda mfupi. Habyalimana naye aliuawa.

Kwa hiyo mwalimu, unapouliza kuzuia ni nini, mimi sianzii New York. Naanzia kwenye ile meza ya Butare. Ilizuiwa pale, kwa siku kadhaa, na mtu mmoja aliyekataa kugonga muhuri. Kilichokosekana ni wa kusimama nyuma yake. Mkataba huo Wakili anaousema, kama utakuwa na maana, maana yake iwe hiyo: mtu kama yule awe na sheria ya nchi yake mkononi inayosema anachoamriwa ni jinai, na anayemwamuru ajue kwamba popote atakapovukia, iwe Ngara, iwe Paris, atakamatwa.

Na la mwisho kwa leo, kwa sababu mabinti wako darasani. Katika hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu, kubaka hakukuwemo kabisa. Mapema 1997 mama mmoja alikuja kutoa ushahidi wa mambo mengine. Aliitwa Shahidi J. Mashahidi wetu walikuwa herufi tu, walikaa nyuma ya pazia. Katikati ya maelezo akasema binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo kabla. Majaji walikuwa watatu, mmoja wao mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakauliza zaidi. Mashahidi wengine wakafuata, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kimbari, na ndiyo iliyosema kubaka kunaweza kuwa tendo la kimbari, na ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mashahidi wale walisema Kinyarwanda, na mahakama ililazimika kukaa na mtaalamu wa lugha kuyachambua maneno yao, kwa kuwa mama mtu mzima halitamki jambo lile waziwazi. Kuna neno mojawapo liliandikwa kwenye hukumu: gufata ku ngufu. Lisome kwa sauti, mwalimu. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Nilipolikuta kwenye karatasi mara ya kwanza nilisimama nikaenda dirishani.

---

Mzalendo wa Kweli

Mama Karani, shikamoo. Nakuheshimu, lakini niseme ninachoamini. Mahakama ile ilikaa miaka 20, ikala zaidi ya dola bilioni moja, ikafunga watu 61. Waliouawa ni mamia ya maelfu. Tena ilishtaki upande mmoja tu. Kabuga, tajiri aliyetuhumiwa kuyafadhili mauaji, aliyesakwa miaka yote hiyo hajahukumiwa mpaka leo. Hiyo ndiyo "kuadhibu"? Wazungu walijisafisha kwa kushindwa kwao mwaka 1994, basi.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sitakubishia hesabu, nilizitunza mwenyewe. Walioshtakiwa ni 93. Waliohukumiwa ni 61. Walioachiwa huru ni 14, na baadhi ya hao waliishi miaka mingi Arusha kwenye nyumba ya Umoja wa Mataifa kwa kuwa hakuna nchi iliyotaka kuwapokea. Hilo nalo ni jeraha, kwa sababu mtu aliyeachiwa na mahakama angepaswa awe na mahali pa kwenda.

Upande mmoja, ni kweli. Hakuna hata mmoja wa jeshi la RPF, waasi walioshinda vita na kuitwaa nchi, aliyepandishwa kizimbani Arusha, ingawa mahakama ilipewa mamlaka juu ya makosa yote ya mwaka 1994. Ninaliona ni doa, na doa la namna hiyo halifutiki kwa kusifu mengine.

Félicien Kabuga alikamatwa karibu na Paris Mei 2020, kesi yake ikaanza The Hague 2022 mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zetu, na mwaka uliofuata majaji wakasema afya yake haimruhusu kushtakiwa. Waliomngoja miaka 26 hawakupata hukumu. Na kuna jambo ambalo hukulisema, mimi nalisema: mashahidi waliopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakaja kusimulia mbele ya wageni yale ambayo hawajawaambia hata dada zao, walirudi nyumbani bila fidia. Sheria ya mahakama ile haikuweka fungu la waathirika. Nilikuwa nikiwaona kwenye korido wakirudi kutoka chumba cha mahakama, wameshika mikoba yao kwa mikono miwili. Hilo linaniuma kuliko dola bilioni.

Lakini pale uliposema "watu 61" uwaangalie ni akina nani. Jean Kambanda alikuwa Waziri Mkuu, alikiri, akapewa kifungo cha maisha. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na wanawake, kesi yake ya Butare ilichukua miaka kumi, Juni 2001 hadi Juni 2011. Théoneste Bagosora, kanali. Wenye redio ya RTLM iliyochochea mauaji. Wale wa vijijini walifika kwenye gacaca, mabaraza ya haki ya vijijini huko Rwanda, ambako kesi zilikaribia milioni 2 mpaka zilipofungwa Juni 2012. Arusha ilipewa wale ambao kwa kawaida hakuna hakimu wa nchi yao anayewagusa. Kabla ya Kambanda, wewe ulishawahi kuona mkuu wa serikali wa Afrika akisimama kizimbani akisema nimekosa kwa kuwaua raia wake?

---

Mtoto wa Kivu

Jambo kwenu bandugu. Mama Karani, heshima kwako. Mimi ni wa Bukavu, nachangia kidogo tu, kwa sababu naona mnazungumza kama vile haki hii lazima ije na ndege.

Kavumu si mbali na Bukavu, ni njia ya kwenda uwanja wa ndege. Toka 2013 watoto wa kike walikuwa wanachukuliwa usiku ndani ya nyumba za wazazi wao, wanabakwa, wanaachwa porini. Wengine wadogo mpaka huwezi kuamini. Kama 40 hivi. Wazazi walipiga kelele miaka, kila kesi ikaandikwa peke yake kama vile ni mhuni mmoja mmoja. Nyuma yao kulikuwa na kikundi cha silaha kilichojiita Jeshi la Yesu, na mkubwa wao alikuwa mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike. Mbunge, kwa hiyo watu waliogopa hata kumtaja.

Kilichobadilisha ni pale wapelelezi, wanasheria na waganga wa hospitali walipokubali kuziweka kesi zote pamoja na kusema: huu ni mpango mmoja dhidi ya raia. Yaani lile ambalo Wakili amelieleza hapo juu, shambulio lililopangwa. Mahakama ya kijeshi ikaja Kavumu kwenyewe, ikakaa pale mbele ya watu. Watoto hawakusimamishwa, walirekodiwa kwa video mapema. Desemba 2017 Batumike na wenzake wakapata kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na rufaa ya 2018 ikakubali hivyo. Majaji Wakongo, sheria tuliyoiridhia wenyewe.

Mzalendo, sikukatazi kulalamika. Jimbo letu leo hali yake mnaisikia. Ila baba mmoja wa Kavumu siku ile alisimama nje akihesabu kwa vidole majina ya waliofungwa, akirudia toka mwanzo kila akifika mwisho. Nilikuwa karibu naye.

---

Mkaazi wa Naivasha

Salamu kutoka Kenya. Nitasema moja. Sisi baada ya uchaguzi wa 2007 tulizika watu zaidi ya elfu moja, na mambo yakaenda Hague, kwenye mahakama ya ICC. Mashtaka yalikuwa ni haya haya, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kesi moja ikaondolewa Desemba 2014, nyingine ikasimamishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila mtu kuhukumiwa wala kusafishwa, na mmoja wa majaji aliandika wazi kwamba mashahidi waliingiliwa. Hapa mtaani kwetu majirani waliochomewa nyumba mpaka leo hawajui nani aliwachomea, wananunua sukuma kwa mama mmoja, kila mtu anaangalia chini.

Kwa hiyo mwalimu, ukiwafundisha hao watoto, wafundishe habari ya shahidi. Sheria tunayo, Bunge letu liliipitisha mwaka 2008. Shahidi asipolindwa hiyo sheria ni karatasi.

---

Mwalimu wa Rulenge

Shikamoo Mama Karani, na shukrani kwenu wote. Nimesoma mara tatu.

Leo nimerudi darasani. Niliwaeleza Taba na Butare, tarehe kwa tarehe, ubaoni, bila kusoma popote. Darasa lilikuwa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani. Kuhusu Shahidi J nilisita, nikasema tu kwamba kuna mama alisema asichoulizwa na sheria ikabadilika. Nadhani mabinti walielewa.

Nilipomaliza, yule binti wa mwenyekiti akaniuliza kitu ambacho nimekibeba mpaka hapa. "Mwalimu, baba yangu akiletewa amri na mkubwa wake kwa barua yenye muhuri, na akikataa watamuondoa kama yule wa Butare, sheria inataka afanye nini?" Alikuwa haulizi kwa ajili ya mtihani. Nimemwambia nitamjibu Alhamisi.

Na jioni nilimwambia baba kwamba kule ng'ambo bourgmestre alikamatwa na kufungwa. Alikuwa hajui. Miaka yote hii alidhani yule mtu aliishia kambini. Akaniuliza, "Alifungwa maisha?" Nikasema ndiyo. Akaomba nirudie jina.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Msalimie sana baba, mwambie kuna mtu wa Ngara aliyelishika jalada lile kwa mikono yake.

Kwa huyo binti, mjibu wazi wala usimpunguzie. Sheria ya mahakama yetu, ibara ya 6, ilisema amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia. Hakimu anaweza kuizingatia wakati wa kupima adhabu, ikiwa haki inataka hivyo, lakini kosa linabaki kosa. Rasimu ya mkataba mpya nayo inaagiza nchi ziseme hivyohivyo. Ibara hiyohiyo ya 6 ilikuwa na upande wa pili, nao usiuache: mkubwa aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanafanya au wako karibu kufanya, asizuie wala asiadhibu, naye anashtakiwa. Kwa hiyo barua yenye muhuri ina watu wawili, aliyeiandika na aliyeipokea, na sheria inawatazama wote wawili.

Atakuuliza, basi baba afe? Usimwambie kwamba sheria itamlinda siku ileile. Haikumlinda yule wa Butare. Mwambie mambo ambayo majalada yanaonyesha yalifanyika kabla ya siku yenyewe, kwa sababu amri ile haikuja peke yake. Kulikuwa na orodha za majina ya watu. Kulikuwa na redio iliyowaita majirani mende, inyenzi, kutwa kucha, miezi kabla ya Aprili. Silaha ziligawiwa kwa masanduku. Vijana walifanyiwa mazoezi uwanjani watu wakitazama. Kila kimoja cha hivyo kilimpitia mtu mwenye cheo kidogo kama cha baba yake, na wakati huo kukataa kulikuwa bado hakujaanza kugharimu roho. Mwenyekiti anayeombwa orodha ya wakaazi kwa kabila au kwa chama chao ana haki ya kuuliza ni ya nini, kwa maandishi, na kuitunza nakala. Mimi nimeona karatasi za namna hiyo zikiwa vielelezo mahakamani, zenye namba niliyozipa mimi.

Hukumu zenyewe zipo wazi kwa umma, zinatunzwa hapa Arusha, kwenye jengo jipya la Lakilaki lililofunguliwa 2016. Anza na ya Akayesu. Isome peke yako kwanza, mchana, na usiimalize kwa siku moja.

Na Alhamisi uliandike ubaoni jina la yule mkuu wa mkoa, ili wanafunzi walinakili. Waangalie madaftari yao mmoja mmoja. Ni Habyalimana, kwa l. Rais aliyeanguka na ndege tarehe 6 Aprili ni Habyarimana, kwa r, na kwa ndimi zetu herufi hizo mbili hazina mpaka. Zaidi ya mara moja nimekuta karatasi za huyu zimepangwa kwenye faili la yule, nikazirudisha.